Fromaji Iliyorudi Masisi

Ng'ombe aliitwa Gaju juu ya rangi yake, nyekundu sawa udongo wa njia, na hakukuwa ng'ombe wa Sebahire. Alilala mu zizi ya Sebahire, alikamuliwa na mukono ya Sebahire, lakini hakukuwa wake. Kwetu Muheto kila mutu anajua ile sheria, na kwa yule asiyeijua nitaisema hapa mara moja. Binti akiolewa, baba ya bwana analeta ng'ombe ya mahari. Ile ng'ombe inakaa kwa baba ya binti. Lakini siku inazaa ndama jike, ndama anarudi kwa wale waliooana, ili nyumba yao ikuwe na maziwa na watoto wao wasikunywe kwa kuomba. Ile ndama tunaiita ndongoranyo. Baba ya binti ni mulinzi tu. Anakunywa maziwa, anapata heshima, anangojea.

Gaju alikuwa na mimba. Isimbi, binti ya pekee ya Sebahire, naye alikuwa na mimba kule kwa bwana yake Ntwari, ngambo ya mulima. Watu walikuwa wanachekelea kama hawa wawili watazaa siku moja.

Mama ya Isimbi, Daphrose, hakuona ndoa ile. Alikufa ku njia, juu ya tipoyi, wanaume wanne wanamubeba ku mabega kumupeleka hospitali, juu gari haikuweza kupita. Daraja lilikuwa limeanguka zamani. Makuta ya kulitengeneza, pesa ya serikali, ilikuja, tuliona wakubwa wanakuja na mafundi kupima mutoni na kamba, wakapiga foto, wakakula mbuzi, wakaenda. Tangu siku Daphrose alikufa, Sebahire alikuwa na jibu moja kwa kila swali. Mvua ikikawia, ni wakubwa. Ng'ombe akikohoa, ni wakubwa. Na mara nyingi alikuwa na haki, njo maana hakujifunza kuacha.

Kisha vita ikapita juu yetu tena. Wakubwa wa zamani wakakimbia, wakubwa wapya wakaingia. Bariere, pale wanafunga njia na kulipisha wapitaji, ilibaki palepale, kamba ileile. Aliyebadilika ni yule anayenyoosha mukono. Banki zikafunga milango huko mujini, na makuta yetu ya Congo ikaanza kupotea ku soko sawa chumvi wakati wa njaa. Ile iliyobaki ilikuwa imechoka, imepasuka, imeshonwa na skochi. Basi ku soko ya Masisi watu wakazoea noti ya Rwanda. Unauzisha maziwa, wanakulipa noti ya Rwanda. Unanunua sabuni, unarudishiwa noti ya Rwanda. Nani alituuliza kama tunataka? Hakuna. Mukulima anaambiwa tu asubuhi kama makuta ya jana si makuta ya leo.

Lakini upande ule wa Walikale, kuanzia Kalembe, mambo iko kinyume. Kule wakubwa wengine njo wanatawala, na ile noti waliichukia sawa nyoka. Kijana wa bunduki akiikuta mu mufuko yako, hakuulizi umeuzisha nini. Anakuuliza uko unatumikia nani. Kwa hiyo mufanyabiashara wa Kalembe aliyelipwa noti ya Rwanda na watu waliotoka Masisi kununua maharagi alikuwa analala nayo kwa woga. Alitaka kuachana nayo haraka, hata kwa nusu ya bei.

Aliyemuonyesha Sebahire ile tofauti ni Rosalie. Rosalie alikuwa mama wa Kalembe, mwenye sauti ya kukwaruza na mabuti ya mwanaume, alikuwa anapanda mpaka Muheto kununua fromaji, ile jibini ambayo Sebahire alikuwa anatengeneza na maziwa, na kuishusha Walikale, kule wachimbaji wa madini wanalipa bila kubishana. Siku moja hakukuwa na franka ya Congo ya kutosha, akamuomba akubali kulipwa sehemu kwa noti ya Rwanda, kwa ile bei ya Kalembe. Sebahire alinunguna, akakubali, akapeleka noti ku soko ya Masisi, na akakuta zinanunua karibu mara mbili. Alirudi nyumbani anatembea polepole, sawa mutu anabeba mayai.

Alipomuuliza Rosalie kama ile kitu inaweza kufanywa tena, Rosalie alimueleza bila kuficha. Makuta ni sawa maharagi, alisema, unaichukua kwenye inachukiwa, unaipeleka kwenye inatafutwa. Ile tofauti inayobaki mu mukono yako si zawadi. Ni mushahara ya woga. Njia ikiwa salama, kila mutu ataifanya na faida itakwisha. Kisha akasema neno ambalo Sebahire alilisikia na kuliacha lipite:

"Papa Sebahire, cheza na makuta ya maziwa. Ile unaweza kukamua tena kesho. Usicheze na ng'ombe."

Basi Sebahire akaanza. Alikuwa anashuka Kalembe na fromaji ku moto, ile pikipiki ya kubeba watu, na kurudi na noti ndani ya soksi. Mara ya kwanza alitetemeka mpaka dereva akamuuliza kama ana malaria. Mara zilizofuata akatetemeka kidogo. Kisha hakutetemeka.

Na faida ilionekana, nisiseme uongo. Sebahire aliezeka nyumba na mabati mapya. Alinunua viatu vya ngozi na radio ya kusikiliza bei ya dolari. Ku kanisa walimusogezea kiti ya mbele, karibu na katekista. Na kuliko vile vyote, watu walianza kumuuliza. Kila asubuhi pale tunapokusanya maziwa, wanaume walikuwa wanamungojea aseme taux, maana yake leo franka ya Rwanda inabadilishwa kwa ngapi ya Congo. Sebahire hakujibu haraka. Alikuwa anaangalia mawingu kwanza, anakohoa, anasema, "Leo, Rwanda imepanda." Ao anasema, "Ngojeni mpaka siku ya soko." Na watu wazima wenye ng'ombe walikuwa wanangojea mpaka siku ya soko, sababu Sebahire amesema. Yeye aliyelaani wakubwa maisha yote alikuwa amepata ladha yao ku ulimi, na haikumuchefua.

Mu mwezi wa maharagi mapya habari ikafika kama vita inakaribia Kalembe. Watu wa kule walikuwa wanatupa noti ya Rwanda kwa bei ya majani. Sebahire alilala na ile habari, akaamka nayo. Makuta ya maziwa ilikuwa kidogo sana kwa bahati kubwa vile. Aliwaza namna hii: Gaju bado hajazaa. Nikimuuzisha leo, nikanunua noti, nikarudi Masisi, nitapata ng'ombe mbili. Nitanunua ingine nyekundu yenye mimba. Nani atajua? Isimbi atapata ndama, pengine hata mbili. Kwa hiyo, vile alivyowaza, hakukuwa anaiba kitu. Alikuwa anasaidia.

Alimutoa Gaju mu zizi asubuhi, na Gaju alimufuata bila kamba, juu alizoea kumufuata hivyo kwenda kulamba chumvi. Mununuzi alikuwa mutu wa kupeleka ng'ombe Goma kwa machinjo. Aliminya tumbo ya Gaju, akasema ana mimba, na akasema mimba haiongezi nyama. Sebahire akapokea bei ya nyama tu, kwa franka ya Congo.

Kule Kalembe alikuta watu wanafunga mizigo. Mulimani kulikuwa kunasikika risasi, mbali bado, sawa mutu anapasua kuni. Kila aliyekuwa na noti ya Rwanda alikuja mbio kwake, walimusukumia mikononi. Alinunua mpaka makuta ya Gaju ikaisha yote. Kisha, alipotaka kurudi, wakamuambia kama vijana wenye bunduki wameweka bariere mupya ku njia ya Masisi na wanapekua kila mutu, wanavulisha viatu, wanavulisha soksi, wanaangalia hata mu nguo za ndani. Jana walikuwa wamemukuta mutu na noti mbili tu za Rwanda. Hakuna aliyetaka kusema walimufanyia nini.

Rosalie alimushauri azike ile makuta nyuma ya nyumba yake, apande mikono mitupu, arudi siku njia imetulia. Lakini Sebahire aliona mu kichwa bei ya Masisi inashuka kila siku anayokawia. Na mwezi ya Gaju kuzaa ilikuwa inakaribia, na yule Gaju mupya hajanunuliwa. Ku kona ya nyumba ya Rosalie kulikuwa na fromaji yake, ile ambayo wachimbaji hawakushuka kununua juu ya vita. Aliiangalia sana. Kisha akaomba kisu.

Kuhusu fromaji, Sebahire alikuwa fundi, hilo hakuna anayemunyima. Aligeuza kila fromaji, akakata kizibo upande wa chini, akatoa nyama ya katikati, akaingiza noti zilizoviringishwa ndani ya sachet ya plastiki, akarudisha kizibo, akakipaka chumvi na samli, akaipitisha juu ya moshi mpaka ngozi ikashikana. Alipomaliza, hata yeye mwenyewe hakuona kovu. Rosalie alikuwa amekaa ku mulango anamuangalia, mikono juu ya kichwa.

"Papa," Rosalie alisema, "fromaji inashuka. Tangu nizaliwe sijaiona inapanda."

Sebahire akajibu kama njo maana hakuna atakayeiwaza. Na hakutaka kusikia zaidi.

Ku bariere kulikuwa kamba na kundi la vijana, wengine na bunduki, wengine na mapanga, na mukubwa wao amekaa ku kiti ya plastiki iliyokosa mukono moja. Walimupekua Sebahire vizuri. Viatu, soksi, mukaba, kofia. Hawakukuta kitu. Roho yake ikaanza kutulia. Kisha mukubwa akaona kikapo nyuma ya pikipiki, akauliza iko nini, wakamuambia ni fromaji. Akasogeza kiti.

"Unaipeleka wapi, Papa?"

"Nairudisha kwetu Muheto, shefu. Haikupata wanunuzi."

"Kwenu kule hakuna fromaji?"

Vijana wakacheka. Moja akasema kesho Papa atapeleka na maji ku mutoni. Sebahire naye akajaribu kucheka. Akasema iko, lakini hii yake ni ya mukono mwema, hataki iharibike.

"Basi umefika," mukubwa alisema. "Ulikuwa unatafuta watu wa kuikula, na sisi tunatafuta kitu ya kukula. Mungu anapanga."

Wakaanza kushusha kikapo. Sebahire akamushika mukubwa mukono, kitu ambayo mutu mwenye akili hafanyi, akamuomba akamate mbili amuachie ingine. Yule kijana hakukasirika. Alimueleza kwa upole, sawa vile mwalimu anaeleza. Mbili ni za bariere, alisema. Hizi zingine ni za njaa.

Hapo Sebahire akalia. Hakutaka, lakini machozi ilitoka, na vijana wakakusanyika kuangalia ile ajabu.

"Mwangalieni, analia fromaji sawa mutu amefiwa."

"Pengine ilikuwa bibi yake."

Na Sebahire, ambaye mudomo yake ilikuwa inatafuta neno lolote isipokuwa lile la kweli, akasema, "Bibi yangu alikufa." Akaitumia maiti ya Daphrose sawa jeton, ile karatasi ya kupita ku bariere. Mukubwa akavua kofia, akasema pole, Papa, pole sana. Na kwa huruma akatoa kisu, akaweka fromaji moja juu ya goti, akakata.

Sebahire aliangalia kisu inaingia. Ilipita pembeni, kidole moja tu kutoka kwenye sachet. Mukubwa akamupa kipande.

"Ukule, upate nguvu ya kupanda."

Wote walikuwa wanamuangalia. Akakula. Ilikuwa tamu, ya chumvi ya kutosha, ile fromaji njema kuliko zote alizotengeneza, na aliitafuna mpaka ikaisha, akasema asante. Kisha dereva akawasha pikipiki.

Zile noti, hatujui zilifika wapi. Pengine waliuma sachet. Pengine walicheka, pengine walimutafuta. Sebahire hakukanyaga tena Kalembe, na Rosalie hakupanda tena Muheto.

Huku nyumbani alisema tu kama njia imefungwa. Watu walipouliza taux alisema taux ni mambo ya wakubwa, waulizwe wenyewe. Juu ya Gaju alisema amemupeleka kwa nyasi ya juu, sababu ya wezi. Usiku hatujui alikuwa anawaza nini, lakini mchana tulimusikia. Aliwalaani wa Kinshasa, aliwalaani wa ngambo ya mupaka, aliwalaani wenye banki na wenye bariere. Yote aliyosema ilikuwa kweli. Lakini alikuwa anaisema kwa sauti kubwa zaidi kuliko mbele, na hakuwa anamuangalia mutu ku macho.

Isimbi akazaa mutoto wa kike. Na habari ikaja kutoka ngambo ya mulima: Callixte, baba ya Ntwari, bamwana wa Sebahire, anakuja na pombe na wazee wawili kuona ndama wa mujukuu. Ntwari mwenyewe hatakuja, juu ku njia wanakamata vijana kuwapeleka ku vita. Isimbi atakuja na mutoto.

Hapo Sebahire alikwenda kwa jirani yake Nzabandora. Nzabandora ana ng'ombe wengi na maneno kidogo. Mu zizi yake kulikuwa ng'ombe nyekundu iliyozaa ndama jike, na ukiangalia kwa mbali unaweza kusema ni Gaju. Sebahire alimuomba ile ng'ombe na ndama kwa siku ya wageni tu. Nzabandora akamuuliza Gaju amekufa na ugonjwa gani. Sebahire akamuambia kweli yote. Hakukuwa na njia ingine. Nzabandora hakucheka na hakutukana. Alisema atamukopesha, lakini kuanzia kesho yake Sebahire atachunga ng'ombe zake zote na kuzikamua, bila mushahara, mpaka siku yeye Nzabandora ataona imetosha kwa ndama moja. Sebahire, mwenye mabati na viatu vya ngozi, akakubali kuwa muchungaji wa mutu.

Wageni wakafika jua likiwa kali. Callixte ni mutu mufupi, mwenye fimbo ndefu kuliko yeye. Walikaa, wakakunywa, wakaongea maneno ya adabu vile inavyotakiwa. Callixte akasifu nyumba, akasifu mabati. Akasema alileta ng'ombe hapa, na leo amesikia ng'ombe imezaa, na kuna mutoto kule kwake mwenye mudomo wazi. Wazee wakacheka. Sebahire alisimama akajibu kama zizi iko pale, macho ni yao.

Wakasogea ku uzio. Ile ng'ombe nyekundu ilikuwa inakula majani, ndama pembeni yake. Wale wazee wawili walifurahi. Mmoja akasema ndama ana mugongo ya mama yake. Isimbi alisimama karibu na baba-mukwe wake, mutoto ku mugongo. Callixte alitegemea fimbo. Kisha, kwa sauti ya chini, ile sauti ambayo muchungaji anatumia kwa ng'ombe aliyemuzalisha na mikono yake, akaita.

"Gaju. Yewe Gaju."

Ng'ombe ikaendelea kukula.

Aliita mara ingine, karibu sana, sawa kuita mutoto aliyelala. Sikio haikugeuka. Isimbi aliangalia ng'ombe. Aliangalia uso ya baba-mukwe wake. Kisha akaangalia baba yake, na Sebahire akaanza kutengeneza muti wa uzio ambao haukuwa umeharibika.

"Amenona," Callixte akasema kwa nguvu, ili wazee wasikie. "Nyasi ya Muheto ni njema. Tumeona. Turudi ku pombe."

Na wakarudi, wakakunywa, na Callixte akasimulia hadithi za zamani, akachekesha watu. Wakati wa kuaga alimushika Sebahire mukono, vile bamwana wanashikana, akamupeleka nyuma ya nyumba sawa mutu anaenda kuaga kwa siri ya furaha. Huko akamuachilia mukono.

Sebahire alikuwa na maneno tayari. Alikuwa nayo tangu Kalembe. Akaanza na banki zilizofungwa, akaja ku taux, akaja ku bariere, akataja wakubwa wa upande huu na wakubwa wa upande ule, wanaobadilisha makuta ya watu sawa mashati. Alisema mutu mudogo afanye nini. Alisema hata Daphrose waliua wao. Callixte alimuacha amalize. Hakukataa hata neno moja.

"Bamwana," alisema, "wakubwa hawakuleta ile ng'ombe hapa kwako. Mimi njo nilimuleta. Nilimuleta kwa miguu, na mvua, na nilimuacha mu mukono yako."

Sebahire alifungua mudomo. Kwa mara ya kwanza tangu bibi yake afe, hakukuta mukubwa wa kuweka ndani ya sentensi.

Callixte akamuambia vile itakuwa. Kule nyumbani atasema ndongoranyo imetolewa. Atasema ndama amebaki Muheto mpaka njia itulie. Wazee wameona, watashuhudia. Siku Sebahire atapata ndama jike, ya rangi yoyote, atamuleta kimya.

"Nasema uongo ku uzee yangu," Callixte aliongeza, "ili bibi zangu wasimuambie Isimbi kama baba yake alikula ng'ombe yake. Si kwa ajili yako. Na wewe usitubu mbele ya watu, nakukataza. Ukitubu utapona wewe, ataumia yeye."

Akachukua fimbo yake, akaenda mbele ya nyumba, akaaga kila mutu kwa kicheko.

Jumapili iliyofuata katekista alimusimamisha Sebahire mu kanisa. Alisema mu wakati hii mubaya, watu wanauzisha hata bati za kanisa, lakini angalieni huyu mujane ameshika desturi, ametoa ndama ya binti yake. Watu wakapiga makofi. Sebahire alisimama na kofia mu mikono. Vijana wanaotaka kuoa waliambiwa wamuangalie vizuri, na walimuangalia. Tangu pale wengine walimuita Papa Ndongoranyo, kwa heshima, na alikuwa anaitika. Angefanya nini? Alikuwa amekatazwa hata kusema hapana.

Anachunga ng'ombe ya Nzabandora mpaka leo. Watu wanafikiri zingine ni zake na hashughuliki kuwasahihisha. Anaamka, anakamua, anapima maziwa, yote inaenda kwa Nzabandora, mpaka povu.

Mu kiangazi watu wa Callixte walihamisha ng'ombe mbali juu ya wezi wa silaha, na kule ngambo ya mulima maziwa ikakosa. Mama-mukwe wa Isimbi akamuambia, wewe mwenye ng'ombe kwenu, nenda ukamue ya mutoto wako. Isimbi hakuweza kukataa. Alipanda mulima na mutoto ku mugongo na bido, kidumu kidogo cha maziwa, mu mukono, akamukuta baba yake ku zizi, anakamua ile nyekundu.

Alisalimia. Sebahire akajibu. Mutoto alikuwa anakula ngumi yake. Isimbi akafungua bido.

Maziwa ilikuwa imejaa ndani ya ndoo, ya moto bado, kati ya magoti ya Sebahire. Alinyoosha mukono kwa bido ya binti yake, kisha mukono ukasimama katikati. Akasema amungojee kidogo. Akaweka ndoo chini, akafunika, akavua kofia, akashuka mpaka nyumba ya Nzabandora. Isimbi alimuona kutoka juu anapiga hodi, anasimama inje, anaongea kichwa chini. Alimuona Nzabandora anatikisa kichwa kwamba ndiyo, na anarudi ndani.

Sebahire akapanda, anahema. Akamimina. Akajaza mpaka juu, na hakumwaga hata tone. Isimbi akafunga bido, akaangalia nyumba kule chini, kisha akamuangalia baba yake, bila hasira.

"Papa," alisema, "umushukuru Papa Nzabandora kwa ajili yangu."

Akapandisha mutoto vizuri ku mugongo, na akashika njia.